Bawaba za Nje

Mume wangu alikuwa seremala, na kama kuna mtu aliyejua kutia bawaba, ni yeye. Nasema hivyo mapema ili asije mtu akamtetea kwamba alikosea. Alifanya kazi Tororo mjini, chini ya ule mwamba mkubwa unaousimamia mji, kwenye karakana iliyotengeneza milango na makabati ya wenye maduka. Jumamosi alipanda baiskeli akarudi nyumbani Buhehe, nywele zimejaa vumbi la mbao. Yeye Msamia, mimi natoka Iyolwa. Lugha yangu hakuijua, yake niliifahamu nusu nusu, kwa hiyo ndoa yetu tuliiendesha kwa Kiswahili, hicho hicho cha sokoni Busia. Tulibembelezana nacho, tukagombana nacho. Mama mkwe wangu Kiswahili chake kilikuwa cha kupasua kuni, lakini nilimwelewa vizuri sana, ole wangu.

Uhuru ulikuwa bado mpya tulipompata binti yetu. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika mguu wa meza, homa ikamshika. Baba yake alikuwa kazini. Nilimfunga mgongoni nikaanza safari ya hospitali ya Masafu kwa miguu, naye analia, analia. Njiani akanyamaza. Nikasema afadhali, amepata usingizi. Nilifurahi, jamani! Nikapunguza mwendo nisimwamshe. Mwanamke mmoja tuliyekutana naye barabarani ndiye aliyenisimamisha, akanitazama mgongoni, akaniambia, "Dada, kaa chini kwanza."

Tulimzika. Mpaka siku ile watu wote waliniita kwa jina la mtoto, mama wa fulani. Baada ya hapo hilo jina likawashinda. Wengine wakaniita "wewe," wengine wakangoja nigeuke mwenyewe ndipo waseme.

Kwa kina mume wangu, mtoto mchanga akifa, nguo zake hazilali nyumbani. Huchomwa au huzikwa, kwa sababu wanaamini zikibaki zinamfungia njia mtoto anayefuata. Wanawake walikuja kuzichukua, nikawapa. Lakini sikuwapa zote. Nilibaki na sweta ambalo baba yake alilinunua ng'ambo, upande wa Kenya, na kitambaa nilichombebea, na kofia ya sufu. Nilizisukumiza chini ya godoro. Wengine wakienda kisimani, nilizitoa nikazinusa. Zilikuwa bado zina harufu ya maziwa yaliyochacha na ya kichwa chake.

Mama mkwe alizikuta. Mtu mzima mwenye kazi zake, anainua godoro la mkwewe anatafuta nini? Alisimama mlangoni kazishika kwa ncha za vidole.

"Wewe naweka nguo ya maiti ya nini?" akaniuliza. "Hii ndio nakataza mtoto kukuja!"

"Mama, mtoto mwingine sijamwomba," nikamwambia, nikamnyang'anya.

Alipiga ukelele majirani wakaja. Wakasema mke wa Iyolwa ana mdomo. Kweli ninao. Lakini siku ile sikusema kwa ukali, nilisema ukweli tu. Mtoto mwingine sikumtaka. Nilimtaka yule.

Mume wangu aliporudi Jumamosi kila mmoja alimweleza kivyake. Mimi nilimaliza kwa ombi moja. Nikamwambia, "Nitengenezee sanduku. Liwe na kufuli, ufunguo nikae nao mimi. Nikishakuwa na sanduku, mama yako sitagombana naye tena." Akasema sawa. Nilimwamini. Huyu ndiye aliyelia kaburini mpaka wanaume wenzake wakamwonea haya.

Alikuja na mabaki ya mbao za mvule kwenye baiskeli, akaunda sanduku hapo uani wiki aliyopewa ruhusa kazini. Nilikaa karibu naye nikichambua wimbi kwenye ungo. Tangu msiba zile ndizo siku pekee nilizoweza kupumua. Alipiga randa mpaka ubao ukawa laini mno. Pembe alizishikanisha kwa meno ya mbao, bila msumari hata mmoja. Komeo la mbele alilifunga kwa namna ambayo ukishatia kufuli, skrubu zake huzioni, zimefunikwa na bati la komeo lenyewe. Alinionyesha. "Mwizi akija na bisibisi yake hapa atalia," akasema, na wote wawili tukacheka kidogo. Nakumbuka kwamba tulicheka.

Bawaba alizitia mwisho. Nimeishi na fundi, najua zinavyotiwa. Unachimba kwa patasi kwenye ukingo wa sanduku na ukingo wa kifuniko, bawaba inalala mle ndani, na kifuniko kikishafungwa skrubu zote ziko ndani, hakuna mkono unaozifikia. Yeye hakuchimba. Alizibandika kwa nje, mgongoni mwa sanduku, zimekaa wazi na skrubu zake zinakutazama.

Nikamuuliza, "Mbona umeziweka nje?"

"Ukingo ni mwembamba," akasema. "Mvule huu umekauka sana. Nikichimba utapasuka."

Ukingo ulikuwa mnene kama kidole gumba changu. Niliona, nikarudi kwenye wimbi langu. Kwa nini nimbishie mtu aliyekuwa amenisikiliza? Nikaziweka nguo ndani, nikafunga, ufunguo nikautia kwenye uzi shingoni. Usiku ule nililala. Mama mkwe naye akawa mpole ghafla, akaniletea hata samaki mkavu, na mimi, mjinga wa watu, nikadhani tumemshinda.

Baada ya mavuno habari ikaja kwamba mguu wa mama yangu umevimba. Nikaenda Iyolwa kumuuguza. Mume wangu alibaki nyumbani kurekebisha paa. Niliporudi, kabla hata sijavua kitambaa cha kichwa, nililivuta sanduku kutoka uvunguni mwa kitanda. Likaja lenyewe, jepesi. Kufuli liko mahali pake. Nililigeuza. Vichwa vya zile skrubu vilikuwa na mikwaruzo mipya, inang'aa, pale bisibisi ilipoteleza. Nikafungua kwa ufunguo wangu, sijui kwa nini, kana kwamba heshima ilikuwa bado ina maana. Ndani palikuwa peupe. Walikuwa wamepapangusa hata vumbi.

Nilimkuta uani.

"Ziko wapi?"

"Mama alilia," akasema.

"Nimekuuliza ziko wapi."

"Tulizichoma. Kule nyuma ya migomba."

Nilikwenda kutafuta. Mvua ilikuwa imenyesha, kuku walikuwa wamechakura, sikuweza kutambua jivu ni lipi na udongo ni upi. Nilichimba kwa mikono mpaka kucha zikauma. Mama mkwe alinitazama kutoka jikoni, akasema kwa Kisamia maneno niliyoyaelewa, kwamba sasa njia iko wazi, nitaona.

Nikarudi kwa mume wangu. Sikupiga kelele, nguvu hizo zilikuwa zimeniishia. Nilimuuliza jambo moja tu.

"Siku ile unatia bawaba, ulikuwa unajua?"

Alitazama mikono yake. Angesema hapana ningemwamini, Mungu ni shahidi. Nilikuwa nataka kudanganywa. Akasema, "Ufunguo ungekaa nao wewe. Ningefanyaje?"

Ndio kusema alijua. Alipopiga randa alijua. Alipocheka nami habari za mwizi alijua, na mimi nimekaa pale na ungo wangu nikijiona nimepata mwenzangu. Mama yake alikwisha kumwomba, naye hakuweza kumkatalia mama, na hakuweza kunikatalia mimi, basi mbele akanifungia mimi, nyuma akamfungulia mama yake. Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ukishakijua uvae nini.

Sikurudi kwetu. Watu huniuliza kwa nini. Kurudi kunataka moyo. Nililima, nilipika, nililala upande wangu wa kitanda. Njia ilikuwa wazi kama walivyotaka, na hakuna aliyepita. Mama mkwe alingoja, akanipeleka kwa waganga, akaombewa yeye mwenyewe kanisani, mwishowe akaacha kunitazama tumbo.

Miaka kadhaa ilikuwa imepita siku mume wangu alipokuja na mgeni, fundi mwenzake aliyeanza kazi karibuni Tororo. Mtu wa adabu. Nilimpa chai, akashukuru, akatazama huku na huku uani palivyo kimya, akauliza kama watu wanavyouliza, "Na watoto, wako shule?"

Nilifungua mdomo. Mume wangu akanitangulia. Alisema taratibu, bila kunitazama, kama jambo alilozoea kulisema kule kazini:

"Mungu hakutujalia."

Mgeni akanipa pole. Niliingia chumbani nikatazama huku na huku, nitafute cha kumletea aone kwamba si kweli. Sikuwa na hata uzi wa lile sweta.