Nakaza Kabari Tu

Fundi mipini wetu wa hapa Tingi hakuulizi umri wala ugonjwa. Anakupa jembe, anasema, “Piga mara tatu hapo,” kisha anatazama bega lako. Mwenye nguvu anapewa mpini wa mpingo, aliyepungukiwa anapewa wa mkole, mwepesi. Bibi Hamida aliukataa wa mkole. “Huo wachezee watoto! Nikazie wangu huu huu wa mpingo.” Mwanawe keshasema, siku jembe likimshinda atamhamishia Lindi mjini, na shamba ndiyo roho yake. “Haya bibi, nakaza kabari tu,” akajibu fundi.

Bibi alipokwenda kwa jirani kujulia hali, nikamwona fundi akiukwangua ule mpini kwa kipande cha chupa, kwangua kwangua, huku akifukia mabaki kwa kisigino. Bibi akarudi, akapiga mara tatu. “Mnaona? Bega limepona!” Fundi akaniangalia. Na mdomo wangu huu wote, nikabeba jembe langu nikaondoka. Njiani ndipo nikaushika vizuri mpini wa jembe langu, alilonikazia mwezi uliopita. Loo! Umebaki kama mwiko. Shetani yule! Siku hiyo nililima mpaka adhuhuri bila kushika kiuno.