Mafuta ya Almas

Mwaka ule Wazungu walipokuwa wakifyeka pori la Kongwa kwa matrekta ili walime karanga, Khairunissa alikuwa na mtoto mmoja aliye hai. Wawili waliotangulia aliwazika wakingali wachanga. Mumewe, Akbarali, alikuwa na duka la vitambaa mjini Dodoma, na nyuma ya duka, katika vyumba viwili na ua wa saruji, Khairunissa alikesha na kushinda akimlinda huyu wa tatu, Almas.

Almas alikwisha kuanza kutembea, lakini ngozi yake ilichakaa kama ya mzee. Ukurutu ulimkaa nyuma ya magoti na mikunjoni mwa viwiko, na mashavu yalikuwa hayakauki majimaji. Mama yake hakumwacha akae chini, kwa kuwa vumbi la Dodoma lilipita hata chini ya mlango uliofungwa. Alimlisha wali uliopondwa na maziwa yaliyochemshwa, basi. Na kila asubuhi, baada ya kumwogesha, alimlaza mapajani uani, juani, akamkanda kwa mafuta, kama yeye mwenyewe alivyokandwa na mama yake.

Kwa mama yake yalikuwa mafuta ya nazi. Wakati wa vita nazi za pwani ziliadimika, Khairunissa akazoea mafuta ya karanga kutoka kwenye kinu cha jirani, mazito, yenye harufu ya kikaango. Vita vilikwisha, mazoea yakabaki. Almas alikandwa nayo tangu kitovu chake kilipoanguka. Kila alipojikuna zaidi, mama aliongeza mafuta. Penye kidonda alipitisha kidole kimoja, polepole, na ngozi ilipopiga wekundu alifarijika. Alifundishwa kwamba wekundu ni damu inayoamka, ndiyo dalili kwamba mafuta yameingia.

Yaya wa Almas alikuwa Mwajabu, mwanamke wa Kondoa, ambaye alikuja kazini na binti yake Mwanne, rika moja na Almas. Adhuhuri moja Mwajabu alikuwa akimlisha Mwanne uji wa mtama uliotiwa karanga za kupondwa. Almas akajivuta hadi kwenye bakuli, akachovya kidole, akalamba. Mara midomo ikavimba, macho yakafunikwa na kope, na pumzi ikawa inatoka kwa mluzi. Akbarali alimbeba mikononi, akamkimbiza kwa daktari. Daktari alimchoma sindano, akauliza kala nini. Mwajabu akajibu bila kuficha kwamba ni karanga, kidole kimoja tu.

Khairunissa hakuamini. Mwanne alikuwa ameumaliza uji wote na sasa anakimbiza kuku.

"Mwanao kashiba, anacheza," alimwambia Mwajabu waliporudi. "Wangu kalamba kidole, kaponea chupuchupu. Ulimtilia nini?"

"Bakuli lilikuwa moja, mama."

Jioni ile ile alimfunga Mwanne mgongoni, akaondoka kwenda kukaa kwa dada yake kule Miyuji.

Zikaja siku za uchovu mtupu. Khairunissa alipika, akafua na kufagia akiwa na Almas kiunoni, maana kumweka chini aliogopa na kumwachia mtu aliogopa zaidi. Usha, mke wa fundi cherehani wa jirani, alimtania kwamba siku hizi anatembea kama punda wa maji, tofauti ni kwamba punda hutuliwa mzigo jioni. Khairunissa alicheka kidogo. Hata kucheka kulimchosha.

Ikafika Idi. Alitengeneza kashata za karanga kwa ajili ya wageni, kwa sababu moyoni mwake karanga haikuwa na kosa, mwenye kosa alikuwa Mwajabu. Alipokuwa akizikata, Almas kiunoni, mtoto alinyoosha mkono, akaokota chembe kwenye kidole cha mama yake. Midomo ikavimba tena, pumzi ikapiga mluzi tena. Safari hii uani hapakuwa na mtu wa kumnyooshea kidole.

Alipona. Siku mama alipomlaza tena mapajani kumkanda, alimimina mafuta kiganjani, harufu ikampanda puani. Ilikuwa harufu ya kashata. Akapitisha kidole shavuni mwa mwanawe, akaona wekundu ukiamka nyuma ya kidole, ukafuata kila kilipopita, ukafanya vijipele. Alikaa na mkono umening'inia hewani, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Alikwenda kumwuliza daktari kama chakula kinaweza kuingia kwa ngozi. Daktari alifikiri sana, akasema hakufundishwa jambo hilo na hawezi kuapa kwamba ndivyo wala sivyo. Ila mafuta hayo ayaache.

Akatoka kwa daktari na mtoto begani, hakupita nyumbani. Alifika Miyuji jua likiwa kali, ndala zimejaa mchanga. Mwajabu alikuwa ameketi kivulini mwa tembe, anabangua karanga za mbegu. Mwanne alikuwa vumbini na mbuzi, midomo imepakaa unga wa karanga, hana kidonda hata kimoja.

"Umekuja kwa miguu, mama?" Mwajabu aliuliza, bila kuinuka. "Wewe?"

"Bakuli lilikuwa moja," Khairunissa alisema.

Mwajabu aliendelea kubangua.

"Nadhani ni mimi, Mwajabu. Kila asubuhi, kwa mkono wangu. Nisamehe."

Mwajabu alisimama, akauweka ungo wa karanga juu ya paa la tembe, mbali. Akaenda kwenye mtungi, akanawa mikono kwa majivu. Akainusa, akanawa tena. Akamfuta Mwanne mdomo, akabadili kanga. Ndipo akaja, akanyoosha mikono.

"Mlete."

Almas alikwenda bila kulia, akalaza shavu lake bichi kwenye bega alilolijua. Mwajabu hakusema kama atarudi mjini, wala Khairunissa hakupata nafasi ya kuuliza. Alikuwa ameegemea ukuta wa udongo, mapaja yake matupu kwa mara ya kwanza tangu Mwajabu aondoke, na usingizi ukamchukua pale pale, mdomo wazi, nzi wakimtua mikononi.