Kijiji cha Kiwanda na Banda la Baba

Juma lililopita nilikuwa Kebirigo kwenye kikao cha maoni ya wananchi. Afisa kutoka Nairobi alitueleza jinsi matajiri wa zamani wenye viwanda vya nguo huko ng'ambo walivyowajengea wafanyakazi vijiji vizima, nyumba, shule na kanisa kando ya kiwanda. Kisha akabandika ukutani ramani ya kijiji kama hicho ambacho serikali ingetujengea sisi, kiwanda cha nguo kikiwa katikati ya nyumba.

Mzee mwenye kofia akasimama. "Nikija kumwona kijana wangu, nitakaa wapi?"

"Sebuleni, mzee."

Akina mama wakainamisha vichwa. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa.

"Kwa mke wa mtoto wangu? Wewe umelelewa na nani?"

Afisa akachora kiti nje ya kila mlango.

"Na mvua ya huku unaijua?"

Akachora paa. Wazee wengine wakataka kuta, halafu mahali pa kuchemshia chai. Nafasi ilipokwisha kwenye ramani, afisa akashika kifutio.

Tulifunga kwa maombi, tukiwa tumeridhika kabisa. Kila nyumba ilikuwa na banda la baba. Kilichofutwa ni kiwanda.

Vijana watashona wapi, sijui. Sisi pa kunywea chai tunapo.