Ng'ombe Aliyebaki Ng

Mke wangu aliacha ushonaji kwa muda ili ajifunze kutengeneza kurasa za mtandao. Kazi ya kwanza aliichagua mwenyewe: ukurasa wa mifugo ya baba yake kule Olenguruone, wanunuzi waione kabla ya kupanda huko juu. Mzee alikuwa anakuja kwetu Free Area Jumapili, naye alitaka aukute tayari.

Jumamosi mchana nilimkuta mke wangu amejiinamia mezani, mbele ya kompyuta. Palipopaswa kusomeka "Ng'ombe wa maziwa" palisomeka "Ng" tu.

"Ndiyo nimwonyeshe baba hii? Kama siwezi kuandika hata ng'ombe, Baba Watoto, narudi kwa cherehani. Na sitanii."

Kazi yangu ni kuandika programu, na kosa nililiona. Niliuona pia uso wake, nikavuta kiti.

"Jaribu mnyama mwingine."

Akaandika mbuzi; akatokea mzima. Kondoo naye akatokea, mpaka mkia.

"Kwa hivyo shida ni ng'ombe peke yake?"

"Ng'ombe ana nini ambacho mbuzi hana?"

"Maziwa na maringo." Akacheka kidogo, akaanza kufuata herufi kwa kidole. Kidole kikasimama juu ya ritifaa, kile kialama kinachoelea katikati ya ng'ombe.

Katika maagizo aliyoiandikia kompyuta, maneno yake alikuwa ameyafunga kwa alama mbili, moja mwanzo na moja mwisho, na zilikuwa sawasawa na hiyo ritifaa. Kompyuta ilipoikuta baada ya "Ng", ilidhani maneno yameisha. Haikuwa imemkataa mke wangu, ilimtii tu.

"Basi naitoa." Ikatokea "Ngombe wa maziwa". Akaitazama, akatikisa kichwa. "Baba alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Ataniuliza huyu ngombe ni mnyama gani."

"Basi ya ndani iache. Badilisha za nje."

Akaweka alama za nukuu zile za vijiti viwiliviwili, mwanzo na mwisho. Ng'ombe akaja mzima, na mke wangu akanipiga begani kwa furaha.

Jumapili Mzee alivaa miwani, akasoma polepole, akagusa kioo cha kompyuta.

"Ritifaa iko. Siku hizi watu wanairuka tu. Mami, hii umeandika wewe?"

"Ni mimi, baba."

Akavua miwani. "Jirani yangu naye anauza ng'ombe. Utamwandikia?"

Mke wangu alikuwa ameshaketi mbele ya kompyuta.