Mtungi wa Pamba wa Wifi

Maabara nzima walimwita Darubini, wala si kwa sababu ya miwani yake. Alikuwa mwanamke asiyeamini kitu mpaka akione kimekuzwa mara mia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiotesha damu za wagonjwa kutafuta bakteria, na nyumbani mumewe alishazoea kuulizwa, "Umenawa, au umelowesha vidole tu?"

Jumatatu moja alitoa chupa nne za damu kwenye kabati la joto, akazipima, akaguna. Zote zilikuwa zimeota mdudu yuleyule, tena mdudu wa masinki na mabomba, asiye na kawaida ya kuingia kwenye damu za watu wanne kwa mpigo. Zote zilitoka wodi ya upasuaji ya wanaume.

Kwanza alijishuku mwenyewe. Akapima maji ya maabara, chupa mpya zisizotiwa damu, hata kabati lenyewe. Vyote vilikuwa safi. Ndipo alipovua koti la maabara akapanda ngazi kwenda wodini.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwashi aliyevunjika mguu. Alimkuta anacheza karata na jirani yake, mkononi katundikiwa dripu ya dawa kali.

"Una homa?"

"Nilikuwa nayo siku moja tu, baada ya upasuaji. Sasa naambiwa damu yangu ina wadudu. Mimi najiona mzima, lakini mimi nani hata nibishane na vipimo?"

Darubini akajibanza pembeni kumtazama muuguzi akimtoa damu mgonjwa mwingine. Muuguzi alinawa, akavaa glavu, akafunua mtungi mkubwa wa kioo wenye pamba iliyoloweshwa spiriti, akatoa pamba, akaufuta mkono wa mgonjwa, akachoma sindano.

"Mtungi huu unaoshwa lini?"

"Hauoshwi. Pamba ikipungua tunaongezea. Na spiriti ikiwa chache tunaizimua kwa maji ya bomba, ifike mwisho wa mwezi."

"Nani kawaambia muizimue?"

Muuguzi akatupa jicho mlangoni. "Sista."

Hapo ndipo ngoma ilipokuwa nzito. Sista mkuu wa wodi hiyo alikuwa dada wa mumewe, na mtungi ule aliuleta mwenyewe kutoka nyumbani siku alipopewa cheo. Aliung'arisha kwa nje kila asubuhi, ungedhani ni kioo cha bibi harusi.

Darubini alijitahidi kuanza kwa upole. "Wifi, nadhani pamba yenu ndiyo inayotia wadudu kwenye chupa zangu."

"Pamba iliyo kwenye spiriti?" Wifi alicheka kwa pua. "Spiriti inaua wadudu, mama. Au huko kwenu maabara mmegundua nyingine?"

"Spiriti kamili inaua. Yenu ni maji yenye harufu ya spiriti."

"Wifi, wodi hii nimeishika miaka minane. Umekosa la kunishika nyumbani, sasa umenifuata hadi kazini?"

Darubini akamwendea daktari wa wodi, akamwomba awasimamishie wagonjwa dawa. Naye akashika kichwa. "Nikisimamisha dawa halafu mtu akafa, nani atajibu? Wewe?" Darubini akamwandikia mganga mkuu barua. Ikajibiwa kwamba suala limepokelewa na linafanyiwa kazi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kamati, na mwenyekiti wa kamati alikuwa likizo. Wiki ya pili chupa zilifika saba. Ya tatu, kumi na moja, na mdudu ni yuleyule. Darubini alikuwa akiyaandika majibu mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Mumewe naye, badala ya kuzima moto, akaupulizia. "Mke wangu, yule ni dada yangu. Yamalizeni kimyakimya."

"Bakteria hawasikii kimyakimya!" akajibu, akaenda kunawa mikono.

Alhamisi alipanda wodini na kijiti chake cha kuchukulia sampuli, akakichovya ndani ya mtungi mbele ya macho ya kila mtu. Siku mbili baadaye alimpigia wifi simu. "Njoo maabara. Ukiona nakusingizia, sitafungua tena mdomo wangu."

Wifi alikuja, mikono kifuani. Mezani zilipangwa sahani kumi na mbili ndogo zilizofunikwa. Kumi na moja zilikuwa za damu za wagonjwa, ya mwisho ya mtungi, na zote zilikuwa zimeota uchafu wa rangi moja ya kijani. Wifi alizitazama moja moja, akarudi mwanzo, akazitazama tena.

"Na simu yako ile uliyonipigia," akasema mwishowe, "umeipima?"

Darubini hakuwa ameipima. Waliipima palepale, na kesho yake ikaota vitu ambavyo hakupenda kuvitaja. Wifi alipoambiwa alicheka hadi akajifuta machozi, na Darubini alivumilia kwa sababu mtungi ulikuwa umekwisha kuondolewa. Pamba sasa ilitengwa kidogo kidogo kila asubuhi kwenye vikopo vilivyochemshwa, kwa spiriti isiyozimuliwa. Tangazo la utaratibu huo lilibandikwa ukutani kwa mwandiko wa wifi, kana kwamba ndiye aliyeuota usingizini.

Chupa zilizofuata hazikuota kitu, na daktari akasimamisha dawa. Mwashi alipong'olewa dripu aliuliza, "Sasa wiki zote tatu hizi nilikuwa naumwa nini?"

Darubini, aliyekuwa amepanda na majibu ya mwisho, akamgeukia wifi yake. Wifi ndiye aliyevuta kiti akaketi.

"Hukuwa unaumwa, kaka yangu. Uchafu ulikuwa kwenye pamba yetu. Mimi ndiye niliyeagiza spiriti izimuliwe."

Mwashi alimkodolea macho. "Nyumba niliyokuwa naijenga wamempa fundi mwingine, sista. Nilipaswa kutoka hapa na magongo yangu tangu wiki ya kwanza."

"Najua."

"Hujui."

Wifi aliinama, akaanza kumkunjia nguo zake kwenye mfuko, shati moja moja, taratibu. Darubini akaenda kumletea magongo.