Baba wa Kuazima

Mwaka ule wa vita nilikuwa mwanafunzi wa uchumi Butembo, naandika mémoire, ile kazi ya mwisho inayokupa diplôme au kukunyima. Mwalimu aliyenisimamia alikuwa mtu wa Kisangani. Vita vilimkuta kwetu, barabara zikafungwa, akabaki na sanduku la vitabu na swali moja: kwa nini bei ya dola inabadilika mjini kabla redio haijasema lolote?

"Kuna mutu anasikia wa kwanza," aliniambia. "Donc tafuta njia ya habari. Nani aliambia nani, saa ngapi, na kambiste akafanya nini."

Kambiste ni wale wabadilishaji pesa wanaokaa kando ya barabara kubwa na vimeza vyao. Nilitakiwa kuifuata habari moja tu, kutoka mdomo wa kwanza mpaka kwenye bei, na kuichora kwa mishale. Ningeshindwa, hakuna diplôme. Niliwazungukia wiki tatu. Lakini sisi Wanande hatukuonyeshi tulikopata habari, kama vile mvuvi wa Kyavinyonge asivyokuonyesha alipotega nyavu. Mmoja alinijibu kwamba bei ya siku ile aliambiwa na Roho Mtakatifu. Niliandika hivyo hivyo, na mshale nikachora, kutoka juu.

Nilichelewa kugundua kwamba nilikuwa nawauliza wasiohusika. Wake zao na dada zao ndio waliojua, na hao walikutana matangani. Akifa mfanyabiashara Butembo, watu wanakaa siku nyingi: wanaume kwenye viti, wanawake chini kwenye mikeka wakimenya viazi. Hakuna ndege iliyotua Rughenda ambayo mizigo yake haikujadiliwa juu ya yale maganda. Basi nikawa mtu wa matanga. Nilijifunga kikwembe, nikachukua kisu changu, nikaenda kuwalilia watu ambao sikuwahi kuwaona wakiwa hai.

Matanga ya tatu yalikuwa ya mzee mmoja tajiri, muuza vitambaa. Nilipokuwa natafuta pa kukaa, wanawake walianza wimbo wa kanisa ambao baba yangu alikuwa akiuimba usukani. Baba alikuwa dereva wa lori. Alitoka nyumbani kwetu Beni kwenda Kamango kuchukua mpunga, hakurudi yeye, halikurudi lori, haikurudi hata kofia. Kwa kuwa hapakuwa na maiti, mama alikataa katakata tusikae kilio. Ilikuwa imepita miaka miwili, na bado alimwekea sahani mezani.

Siku ile nililia. Nililia mpaka kisu kikanidondoka, mpaka wafiwa wenyewe wakanyamaza kunitazama.

"Huyu ni mutoto ya nani?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Mi hapana jua. Anatokaka Beni."

"Marehemu alikuwa anafikaka sana Beni."

"Mais angalia ile pua!"

Pua ile niliipata kwa mama yangu, lakini hakuna aliyeniuliza. Kabla viazi havijaiva nilikuwa tayari mtoto wa nje wa marehemu.

Nilifungua mdomo nikanushe. Halafu nikatazama saa. Habari ilikuwa imezaliwa mbele ya macho yangu, na mdomo wa kwanza ulikuwa hapo hapo, unamenya! Nikafunga mdomo, nikaokota kisu.

Kesho yake, saa nne, habari ilikuwa sokoni. Mama wa viazi alimwambia mdogo wake, mdogo akamwambia mume wake kambiste, na kambiste akapiga hesabu: mtoto wa nje atadai sehemu yake, mjane atalazimika kuuza dola alizoficha, dola zitajaa mjini. Afadhali kuziuza leo. Jirani yake alimwona akiuza, akauza naye, bila hata kuuliza sababu. Dola ikashuka. Mwalimu alipoona mishale yangu alicheka mpaka akavua miwani.

"Mutoto yangu," alisema, "umeshusha dola na pua!"

Nilifurahi, sifichi. Lakini kila aliyenishika mkono na kunipa pole kwa ajili ya "baba yako" alinichoma. Kila pole niliyoipokea ilikuwa kumkana baba aliyenilea, na sababu yake ilikuwa karatasi yenye mishale.

Siku ya tatu nikamfuata mjane jikoni, nikamwambia yote. Hakuniacha nimalize.

"Bwana yangu nilimujua," alisema. "Alikuwa anaogopa banamuke kuliko baaskari. Mutoto wa inje angemupata wapi?"

"Basi mama, tuambie batu."

"Pole pole! Dola iko bei gani leo?"

Nikamtajia. Akapiga makofi kimya kimya.

"Unaona? Banawaza nitauzisha, na mudogo yangu iko ananunua. Siku ya posho ndege inaenda kuleta vitambaa. Mi niko na lazima ya dola. Ulie siku mbili tena."

Nikabaki kulia kwa makubaliano mpaka posho, yaani Jumamosi. Akiingia mke wa kambiste, mjane alinifinya paja. Huko chuoni hawakunifundisha uchumi wa namna ile.

Tulichosahau, yeye na mimi, ni kwamba mishale haikomei Butembo. Madereva waliibeba habari, redio ya foni ikaibeba. Ijumaa asubuhi mama yangu alishuka kwenye lori kutoka Beni, vumbi limemjaa mpaka nyusi, akaingia moja kwa moja mpaka penye mikeka.

"Nani anasema mi nilizala na mutu wa hapa?"

Visu vyote vilisimama. Akaniona.

"Na weye! Unalia baba ya nani?"

Ilibaki siku moja tu kufika posho. Ningeweza kuinamisha kichwa na kunyamaza, na mshale wangu ungeendelea kukimbia. Nilihisi macho ya mjane ubavuni. Sikumtazama.

"Ninalia baba yetu," nilisema. "Huyu wa hapa simujui. Ninalia baba yetu, sababu kwetu hapana mutu alimulia."

Mama alibaki amesimama. Hasira ilikuwa bado usoni mwake, ila haikuwa tena na mtu wa kumwendea. Mjane alijua kuliko mimi kwamba uvumi umekufa pale pale, na kwamba dola itapanda kabla ya saa sita. Hata hivyo alisogea, akaacha nafasi kwenye mkeka wake mwenyewe, ambao wengine hatukuruhusiwa hata kuukanyaga.

"Ikala, mama," alisema. "Bwana yako alikuwaka mutu wa namna gani?"

Mama alikaa. Akajifuta vumbi, akalaza kikwembe juu ya magoti, akakilaza tena.

"Alikuwaka anacheka sana," alisema, na hapo ndipo, baada ya miaka miwili, alipolia.