Mchawi Aliyejifunika Chuma

Jumapili mvua ilinifungia katika hoteli moja ya chai pale Suneka. Kwenye meza ya jirani walimu watatu walikuwa wakirusha dadu, wakicheza mchezo wa kubuni waliofunzwa na mwalimu mgeni kutoka Amerika. Katika mchezo huo mmoja alikuwa askari, wa pili mchawi wa kurusha moto, wa tatu mwamuzi.

Mchawi akatangaza kwamba ameokota deraya, lile vazi la chuma la vitani.

Askari akapiga meza. "Sheria inasema mchawi asivae chuma!"

"Sijavaa, mwalimu. Nimejifunika tu, kama blanketi."

"Moto wako, chuma chako! Redio yako, koti lako la ngozi! Sisi tubaki na nini?"

Koti lenyewe, jipya, lilikuwa mgongoni mwa mchawi, na redio mezani mbele yake. Askari alikuwa na shati lililolowa.

Mwamuzi akajikuna kidevu. "Haya, jifunike. Lakini mikono ikiwa ndani ya blanketi, moto utaurusha na nini?"

Mchawi akaiacha deraya. Askari hakuongezewa hata kisu, lakini alicheka kama aliyeona koti lile likivuliwa.

Nami nikacheka naye. Koti hilo nilikuwa nimelikodolea macho tangu niingie.